Mhubiri Alisema "May"

Jumapili, 9 Machi
Koo limekwisha. Chai ya tangawizi, kikombe cha pili. Kutafsiri ibada mbili mfululizo si mchezo. Leo tulikuwa na mhubiri mgeni, Mzungu, anaongea mbio kama anafukuzwa. Alipofika kwenye maombi ya wagonjwa akasema, "He may heal you today. He might use your doctor." Nikasema, "Atakuponya leo!" Kanisa likalipuka. Sentensi ya pili ikamezwa na makofi, sikuirudia. Pasta akanishika mkono mbele ya watu: Njeri, leo umewaka.

Nilifurahi. Sasa sina raha.

Jumatatu, 10 Machi
Dukani Ruiru, kushona mapazia tangu asubuhi. Mteja mmoja wa Juja ameniambia, "You must come and see my new house." Hiyo must, lazima uje, si amri. Ni ukarimu tu, na pengine hata hataki niende. Halafu akasema, "Could you finish by Friday?" Hiyo could, unaweza, ndiyo amri. Mapazia yasipokuwa tayari Ijumaa nitamtambua.

Kwa hivyo haya maneno nayajua. May ni huenda. Mtoto wa shule anajua. Hiyo huenda ilikuwa mdomoni, nikaiona baridi, watu wamechemka, nikaimeza. Hilo ndilo linaniudhi.

Jumatano, 12 Machi
Nilienda kununua maziwa kwa Baba Tony. Cucu Wairimu, bibi mzee jirani yangu hapa mtaani Kiuu, tunayesali naye kanisa moja, ana ugonjwa wa sukari. Kwake hakuna friji, kwa hivyo insulini yake hukaa kwenye friji ya soda ya Baba Tony, rafu ya chini. Leo rafu iko tupu. Nikauliza.

"Alikuja Jumapili jioni akaichukua, akaitupa. Anasema ameponywa."

Maziwa niliyaacha pale kaunta.

Nikaenda kwake moja kwa moja. Nilimkuta anakunywa maji moja kwa moja kutoka kwa jagi. Nikamweleza: mhubiri hakusema atakuponya, alisema huenda. Ni mimi niliyekosea, Cucu. Akanicheka.

"Huyo Mzungu sijui alisema nini. Mimi nilikusikia wewe."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Sasa nimwambie Mungu nafuta shukrani yangu? Enda nyumbani, mwana wakwa." Mwanangu, ndivyo huniita.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeenda kwa pasta, nimwombe twende pamoja akamwambie Cucu. Hakuniangalia usoni. Eti huenda ni neno la wenye shaka. Eti nisivunje imani ya mama mzee. Nimetoka na hasira. Nimekata pazia moja likawa fupi.

Nikampigia Shiku, binti yake Cucu, anaishi Thika. Nilimwambia yote, hata sehemu yangu. Akakata simu.

Ijumaa, 14 Machi
Shiku alifika asubuhi akamkuta mama yake anatapika. Maneno hayaeleweki. Pumzi inanuka kama matunda yaliyooza. Tulimbeba hadi kwa teksi, Shiku, Baba Tony na mimi. Hospitalini Thika walimkimbiza ndani.

Njia nzima Shiku hakunisemesha. Afadhali angenitukana.

Mteja wa Juja amepiga na kupiga. Sijashika.

Jumamosi, 15 Machi
Cucu bado hajaamka. Siwezi kula. Siwezi kushona. Naomba, kisha naogopa maneno ninayotumia.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani maikrofoni amepewa mtu mwingine. Kabla ya wimbo wa mwisho nikasimama palepale kwenye kiti changu nikasema kwa sauti: Jumapili iliyopita mhubiri alisema huenda Mungu akakuponya leo, na huenda akamtumia daktari wako. Ni mimi niliyesema atakuponya. Kama una dawa, endelea nayo. Pasta akaanzisha wimbo. Wengi waliinamisha macho. Mama mmoja wa mbele alifungua mkoba wake, akatazama ndani muda mrefu.

Kisha Thika. Cucu ameamka, amekonda usoni, lakini ni yeye. Daktari alipita akasema, huku anaandika, "She should be home by Thursday." Cucu akanigeukia mimi, si Shiku.

"Amesema nini?"

Nikafikiri kidogo. "Anatarajia kufikia Alhamisi utakuwa nyumbani. Hajaahidi."

"Si umwambie tu ataenda," Shiku akasema. Neno lake la kwanza kwangu tangu ile simu.

"Mwache," Cucu akasema. "Aseme vile iko."

Muuguzi akaja na sindano. Cucu akapandisha mkono wa sweta mwenyewe. Shiku akasogea kidogo kwenye benchi. Nikakaa.