Televisheni ya Baba Ukutani

Omeo, Jumapili

Kaka Lachlan,

Natumaini huko Perth hamjambo nyote. Huku baridi imeanza, na wale kondoo waliopona moto wamezaa. Baba bado analala kwenye ile karavani ya kuvutwa na gari, palepale tulipoiegesha kando ya majivu ya nyumba.

Jana nilimpelekea televisheni. Nilitaka kuiweka mezani tu, akakataa.

"Upepo wa hapa utaiangusha. Lete drili."

Akawa anagonga ukuta kwa kidole, akitafuta mbao kwa ndani, maana lile bati jembamba la karavani halishiki skrubu. Alipozipata, akafunga kwanza kipande cha plaiwudi nene cha kubebea uzito.

Nikamtania, "Baba, unatundika televisheni au ng'ombe? Krismasi si utaihamishia nyumba mpya?"

"Nyumba ipi?"

"Anayokuja kujenga fundi."

"Nimemwambia asije."

Nikapandisha sauti. Nikamuuliza wajukuu wakija watalala wapi. Hakukasirika. Alipuliza vumbi kwenye tundu la skrubu, kisha akasema, "Kerrie, ile nyumba nilimjengea mama yenu. Ndiyo hiyo iliyoungua naye ndani. Nijenge nyingine nikae na nani?"

Nikainyanyua televisheni, nikaishikilia ukutani, naye akakaza skrubu.

Njoo umwone, kaka. Usingoje nyumba.

Mdogo wako,
Kerrie