Chumvi Kwanza

Igogo, Mwanza
Jumapili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limekupa nafuu na migomba imepata mvua. Sisi huku hatujambo, na mume wangu Ndalahwa anakusalimu sana. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukisikia neno usilolitaka unasema mtandao mbaya, unakata. Barua haikatiki.

Ijumaa, kule shuleni Kisesa ninakofundisha, niliwaingiza kidato cha tatu maabara. Niliwaagiza watengeneze maji ya chumvi, moli moja katika lita moja, yaani gramu hamsini na nane na nusu. Binti mmoja, Kija, akajaza maji mpaka kwenye mstari wa chupa, ndipo akamimina chumvi. Maji yakapanda juu ya mstari. Akataka kumwaga yaliyozidi. Nikamwahi, nikamweleza kwamba akimwaga maji anamwaga na chumvi, na akiyaacha, chumvi ile ile imegawanywa kwa zaidi ya lita. Kwa vyovyote hesabu imeharibika. Wenzake walimcheka sana. Mimi sikuweza, Baba.

Nilikumbuka jikoni kwetu Kamachumu, mvua ikipiga bati, mama akilalamika kwamba wewe, mwalimu wa kemia, unammalizia chumvi. Nami nilikosea hivyo hivyo. Hukunigombeza. Ulisema chumvi nayo inataka mahali pa kukaa: itangulie yenyewe, iyeyushwe kwa maji kidogo, ndipo maji mengine yafuate mpaka mstarini. Mama akadakia kwamba kumbe kemia ni adabu ya kukaribisha wageni tu. Mlicheka mpaka ndizi zikaungua. Sasa nikikuwaza unakula peke yako kwenye meza ile, chakula hakinishuki.

Najua jibu lako nikikuomba uje kuishi nasi. Ulimwambia shangazi Specioza kwamba mtu mzima halali kwa mkwewe, na kwamba sisi wenyewe tumebanana, ukija utazidi mstari. Kwenye mila sikubishii. Hata Ndalahwa, Msukuma wa watu, anaona haya kula meza moja na wewe.

Basi nikwambie tulichokuficha. Tumepata kiwanja Kisesa na tunajenga. Ndalahwa hakuanza na chumba chetu, wala sebule. Ameanza na chumba chenye mlango wake wa nje na jiko lake, ili isiwe umelala kwa mkwe. Kimeezekwa wiki iliyopita. Pembeni yake ni msingi mtupu na majani, na sisi bado tumepanga hapa Igogo. Mafundi wanamtania kwamba anajenga nyumba kuanzia mkiani.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba hakuna nafasi. Maji hatujayajaza, Baba. Tumeanza na chumvi.

Nisalimie shangazi na majirani wote. Kaburi la mama lipalilie kwa niaba yangu, halafu panda meli.

Mwanao akupendaye,
Kokugonza