Safu Nne Tu

Mwanangu mpenzi,

Kompyuta yako si mbovu. Programu ya takwimu hupakia data yote kwenye kumbukumbu kwa mkupuo, nawe umeipa faili zima la utafiti ilhali unahitaji safu nne tu. Chagua hizo nne kwanza, ndipo upige hesabu. Itamaliza kabla chai yako haijapoa.

Hapa paka amezaa kabatini, juu ya masweta yangu. Baba yako sasa anakula kwa kulishwa. Mlango ukigongwa huuliza, "Ni yeye?" Nami humjibu, "Bado, kaka. Atakuja kazi ikiisha, kompyuta yake inamchelewesha."

Jana alinijibu, "Si wewe mwalimu wa takwimu? Mfundishe, basi."

Haya, nimekufundisha.

Baba yako mdogo