Agizo la Kufumba Macho

Kitengela, Jumatano, muhula wa pili, 2004

Damu imekataa kutoka kwenye shati langu, ingawa nimelifua mara mbili.

Leo niliwaamuru wanafunzi wa darasa la saba, wale watukutu niliokabidhiwa baada ya viboko kupigwa marufuku, wafumbe macho na kusikiliza pumzi zao. Walitii. Nami nilifumba. Hapo ndipo Mutua alipomchoma Lemayian shavuni kwa ncha ya bikari.

Lemayian aliinuka, akamgongesha Mutua kichwa ukutani mara tatu kabla sijawatenganisha.

"Wacha nimmalize, mwalimu!" Lemayian alifoka.

Mimi, mwalimu wa utulivu, nilimzaba Mutua makofi mawili.

Nilipokuwa nikimfunga Lemayian kidonda, alianza kulia. Nilidhani ni maumivu.

"Mwalimu, usiambie baba nilikuwa nimefunga macho. Atanichapa vibaya. Anasema mtu wa kuchunga ng'ombe hafungi macho kama adui yuko karibu."

Kwa hiyo nimemwandikia baba yake kwamba mtoto alichomwa akisoma kitabu, macho wazi. Sijawahi kumwandikia mzazi uongo. Huu nimeutia sahihi.