Bosi Aliyekunyima Ruhusa

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, ukiacha hilo jicho la kulia linalosubiri upasuaji wa Ijumaa. Mimi sijambo kabisa, tena nimenenepa, na sababu ya kunenepa ndiyo habari yenyewe.

Uliposikia nafanyia kazi nyumbani, ulisikitika ukidhani nimefukuzwa ofisini. Sikufukuzwa, niliacha mwenyewe. Siku hizi natumiwa mikutano ya watu iliyorekodiwa, nasikiliza na kuandika kila neno. Ni saa nne tu kwa siku, na mimi ndiye ninayechagua zianze lini. Mama, raha yake siwezi kuificha! Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Mwenyekiti akianza kufoka namsimamisha katikati ya sentensi, nakwenda kugeuza maharage, nikirudi bado ananingoja. Miaka tisa ofisini hakuna mkubwa aliyewahi kuningoja mimi.

Majirani wao wanaamini sina kazi. Mmoja ananiachia funguo, mwingine nguo nimwanulie mvua ikija, na wa tatu alinikabidhi jogoo. Jogoo akawika katikati ya kikao cha wahandisi, nikadhani yumo kwenye rekodi, nikaandika kwamba mjumbe mmoja alipinga kwa sauti kubwa. Mpaka leo hakuna aliyelalamika.

Sasa nifike pale ninapopazungukia. Kila uliponiita nije, nilisema bosi hanipi ruhusa, nawe ukamwombea dua moyo wake ulainike. Juzi ukataka namba yake umsihi mwenyewe. Nikababaika, nikakupa namba ya fundi cherehani wa hapa chini, mwenye sauti nzito, nikamwelekeza ajifanye bosi, akubali kunipa siku tatu. Basi cheo kikampanda kichwani! Akakwambia mimi ni nguzo ya kampuni, nikiondoka hata nusu siku kila kitu kitasimama, ruhusa hakuna. Nilikuwa kando ya cherehani, simu imewekwa sauti ya juu, nikipunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Wewe hukukasirika. Ulimwomba tu asinifukuze kwa ajili yako, ukasema Kaka atakuwa kazini, utatafuta jirani wa kukushika mkono hospitalini. Fundi alipokata simu akasema siku nyingine nitafute mwongo mwingine, yeye ana mama.

Mama, bosi wa kuninyima hayupo. Anayenitumia kazi hata hajui ninakaa wapi. Miezi minane yote tangu niache ofisi ningeweza kuja siku yoyote. Ni uchoyo tu: kwa mara ya kwanza nilikuwa na mchana wangu mwenyewe, nikaogopa kuugawa, hata kwako. Naona aibu sana. Nisamehe.

Nakuja Alhamisi na kompyuta yangu, na nitakaa mpaka bandeji itoke na zaidi. Najua barua zako husomewa na Kaka, lakini hii siiposti. Nimeiandika kwa sababu nikisema kwa mdomo mtupu nitaanza kupindisha maneno. Nitaketi kitandani pako nikusomee mwenyewe. Nikifika kwenye habari ya fundi, sauti ikakwama, usidhani ni mwandiko mbaya. Nisubiri kidogo, halafu uniambie niendelee.

Salamu zangu kwa Kaka na wote wa hapo nyumbani nitawapa mkononi.

Mimi mwanao,
Kitindamimba wako