Riungu, Makandi Naye Anaingia Thieta

Mwaka umezunguka, Riungu, tangu ulipolazwa juu ya kile kitanda cha magurudumu ukasukumwa kuelekea thieta, chumba cha upasuaji, huku ukitupungia mkono kama mtu anayekwenda dukani kununua kiberiti. Hukurudi. Tumejaribu kuliandika tangazo hili la kukukumbuka mara nyingi, na kila aliyeshika kalamu aliiacha. Leo tumesema liandikwe tu, na machozi yake, maana Jumanne kuna jambo na hatutaki ulisikie kwa watu wengine.

Pale Makutano bado wanakuulizia. Mtu hutoka mbali na vipimo vya geti lake mfukoni, akifika anakuta ndani ya kibanda chako cha kuchomelea vyuma vinauzwa viatu vya mitumba. Madawati ya shule uliyoyaunga miguu bila kuombwa na mtu yeyote bado yamesimama. Kikombe chako kimekaa mwaka mzima kwenye msumari wake. Wewe bwana, ulikuwa unakunywa chai ikichemka, na ukiambiwa subiri ipoe unasema chai ya baridi ni maji ya kuogea! Mkeo Felicitas, Mama Makandi, hajaruhusu mtu akitumie.

Na kwenye sherehe je? Mbuzi wa harusi, mbuzi wa mahari, mbuzi wa Krismasi, wote walipitia mikononi mwako. Mkono wako ulikuwa mwepesi, na mnyama hakuteseka. Ini lilikuwa la kwanza kuwekwa motoni, chakula cha wachinjaji, na hakuna aliyelionja kabla hujaligeuza mwenyewe. Lakini likitoka na vile vifuko vyeupe vilivyojaa maji, ulilikata hapo hapo ukamrushia mbwa wako Jeki. "Huo ni mshahara wa askari," ulikuwa ukisema, na sisi tunacheka. Kila boma lilifanya hivyo. Baba zetu walifanya hivyo. Nani angechimba shimo azike nyama na mbwa amekaa pale anaangalia?

Jeki wako, mwenye sikio lililochanika. Alilala juu ya ndala zako. Alilamba sahani yako ukimaliza kula, na ukiwa na furaha alikulamba hata kidevu. Binti yako Makandi alisoma vitabu vyake vya shule akiwa ameegemea tumbo la huyo mbwa, tangu alipokuwa hajui kusoma, anashika kitabu kichwa chini. Mama Makandi alikuwa akiwapita na sufuria yake akisema, "Haya, nyinyi watatu mkae hivyo hivyo, mimi ni mgeni hapa."

Unakumbuka siku ile bodaboda ilipomgonga Jeki? Ulimfunga kwa koti lako la kanisani ukampeleka mpaka Embu, kwa shemeji yetu Nyaga, daktari wa mifugo. Mama Makandi alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Mtu akigongwa hapa anaambiwa avumilie, lakini mbwa anavaa koti la Bwana na kupelekwa Embu!" Nyaga alimpasua, akakuta ini limechanika, akalishona. Ulirudi nyumbani unaimba barabarani. "Ini limeshonwa, baite, ndugu zangu! Ini la mbwa limeshonwa kama suruali!"

Siku hiyo Nyaga alikuuliza kama huwa unampa Jeki dawa ya minyoo. Ulimcheka shemeji yako usoni. "Nyaga, huyu ni mbwa wa Meru. Minyoo ikimwona inakimbia." Sisi pia tulicheka, Riungu. Hiyo hadithi tuliisimulia hata kanisani.

Halafu ukaanza kushika ubavu. Ulisema ugali umekaa vibaya. Ulisema ni kuinama sana kwenye mageti. Mama Makandi alikutengenezea uji wa wimbi, akakukanda kwa maji moto, akakuombea, na uvimbe ukazidi kusimama chini ya mbavu, mpaka macho yako yakawa ya manjano na wewe mwenyewe ukanyamaza. Picha ya tumbo ikaonyesha mfuko wa maji ndani ya ini lako, mkubwa kuliko ngumi, umekaa humo miaka ukikua polepole.

Nyaga ndiye aliyemweleza mkeo, wameketi sebuleni kwake kule mtaa wa Dallas, Embu, na Ednah, dada wa mkeo na mke wa Nyaga, akimimina chai. Alimwambia vile vifuko kwenye ini la mbuzi vina mbegu ya mdudu. Mbwa akivila, mdudu anakaa tumboni mwake na wala hamdhuru. Mayai yake hutoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, kwenye ulimi, kwenye mboga za shambani. Mtu akiyameza, mfuko unamea kwenye ini lake yeye, kama ulivyokuwa kwa mbuzi.

"Kwa hivyo ni ile nyama?" Mama Makandi akauliza.

Nyaga aliangalia kikombe chake. "Ni ile nyama, shemeji."

Hakuna aliyetaka kukuambia, lakini ulipoambiwa hukumkasirikia mtu, wala mbwa. Ulisema, "Jeki alishonwa ini akapona. Mimi ni nani nisipone?" Tukaamini. Tuliamini kweli kweli, mpaka tukanunua mchele wa kukupikia ukirudi. Na siku ya upasuaji, pale mlangoni pa thieta, uligeuza kichwa ukasema, "Mwambieni Jeki nakuja." Mlango ukafungwa. Mama Makandi alikuwa amesimama na shati lako mkononi akingoja neno lake. Mwaka mzima sasa analitafuta katika hayo maneno matatu, na halimo.

Madaktari walituambia mfuko ulipasuka kabla hawajaukausha. Maji yake yakamwagika ndani, mwili wako ukashtuka, moyo ukakataa. Walipigana nao. Yule mkubwa wao alikuja na kofia yake mkononi na macho mekundu, na hatumlaumu. Lakini Mama Makandi alimuuliza swali moja ambalo hata sisi lilitukata: "Mbwa imewezekana, na mtu imeshindikana?"

Baada ya mazishi ndugu yako Kiogora alikuja na kamba. Makandi alimkumbatia Jeki shingoni akasema wakimuua mbwa, yeye hatakula tena. Mama yake alitoka jikoni mbio, na badala ya kumshika Kiogora alimshika mtoto. "Toa mikono! Toa mikono kwa huyo mbwa!" Akamvuta mpaka kwenye mfereji wa maji, akamsugua kwa sabuni vidole, viganja, uso, mpaka mtoto akalia, na yeye mwenyewe akalia, na Kiogora akabaki amesimama na kamba yake hajui aitupe wapi.

Mbwa hakuuawa. Amefungwa nyuma ya zizi la ng'ombe. Nyaga huleta vidonge, na Mama Makandi ndiye anayevificha ndani ya tonge la ugali na kumlisha, huku akimtukana matusi ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Akimaliza ananawa, ananawa tena. Krismasi tulichinja mbuzi mdogo tu, na ini lilitoka na vifuko. Alilichukua mwenyewe, akachimba shimo refu, akalifukia, akaweka mawe juu. Kisha akakaa juu ya yale mawe mpaka tukamaliza kula. Tulimwita mara nyingi, akakataa kuja.

Sasa sikia lililobaki. Tuliambiwa nyumba nzima tupigwe picha ya tumbo. Sisi wote tulitoka salama, tukaanza hata kutaniana pale kwenye benchi. Makandi aliingia wa mwisho. Yule anayepiga picha alikuwa akizungumza naye habari za shule, halafu akanyamaza. Mama yake alikuwa ndani. Anasema alijua kwa huko kunyamaza, kabla mtu hajafungua mdomo. Umo mfuko mmoja, Riungu, kwenye ini lake, mkubwa kama chungwa.

Wakampa vidonge, wakasema baadaye atapasuliwa. Mama Makandi akasema hapasuliwi. Akafunga safari mpaka Dallas kumwambia dada yake Ednah asilitaje tena neno hilo la kupasua.

"Felicitas," Ednah akamwambia, "mtoto ataishi na hicho kitu mpaka lini?"

"Bora nimzike na tumbo lake zima."

"Na nani amekuambia utamzika?"

"Hata Riungu sikuambiwa nitamzika! Niliambiwa nimletee nguo za kurudi nazo nyumbani!"

Daktari alisema mtoto akianguka vibaya, mfuko unaweza kupasuka wenyewe, bila thieta, bila mtu wa kumsaidia. Mama Makandi akasikia nusu ya hayo. Alimkataza Makandi kuruka kamba, kupanda miti, kubeba maji, kukimbia mvua. Alienda shuleni kumwambia mwalimu. Mtoto wako, aliyekuwa akishuka ule mteremko kama mbuzi, akawa anatembea ameshika ukuta, na mama yake nyuma amenyoosha mikono.

Waliishi hivyo muda mrefu, na hakuna aliyelala vizuri katika boma lile. Kisha mchana mmoja, wakichambua njahi, yale maharagwe meusi, Makandi akaacha kuchambua. "Mama, nimechoka kutembea kama nimebeba mayai. Kama ni kufa, nife nikiwa nimejaribu kupona." Tungependa kukuambia mama yake alimkumbatia. Alimchapa kofi la mdomo, lile la hofu, kisha akainuka akaenda kusimama kwenye kaburi lako. Hatukumfuata. Aliporudi alisema, "Mwambieni daktari sawa." Hajacheka tangu siku hiyo. Ukimwambia Mungu yupo, anaitikia yupo, kama mtu anayeitikia salamu ya mpita njia.

Kwa hivyo ni Jumanne, thieta ile ile, mlango ule ule. Tumeambiwa vidonge vimeupunguza mfuko wa Makandi, tumeambiwa wako ulikuwa umezeeka na wake ni mchanga. Tunayarudia haya mbele ya Mama Makandi kila siku, na anatuangalia kama watu wanaomsimulia ndoto. Nguo za kumrudisha mtoto nyumbani amekataa kuzifunga. Mwaka jana alizifunga zako.

Juzi walilala kwa Ednah, wawe karibu na hospitali. Jana wakati wa chai ya asubuhi Makandi alimuuliza mama yake neno ambalo sisi wote tumelikwepa. "Mama, Baba alisema nini mara ya mwisho?"

Ednah akainuka kana kwamba kitu kinaungua jikoni. Mama Makandi angeweza kudanganya, na Mungu angemsamehe. Hakudanganya. "Alisema, mwambieni Jeki nakuja."

Mtoto akacheka, Riungu! Alicheka mpaka akashika ubavu, na mama yake akashtuka kwa sababu ya ule mfuko. "Huyo ni Baba kabisa. Basi mimi pia, nikifika mlangoni, mwambieni Jeki n—"

Mama Makandi akamziba mdomo kwa kiganja. Alimziba kwa nguvu. "Sema kitu kingine," akamwambia. "Tafadhali, mwanangu. Sema kitu kingine chochote."

Makandi aliutoa ule mkono polepole, akaushika. "Basi nikitoka nikute chai yangu inachemka. Isipoe. Chai ya baridi ni maji ya kuogea."

Leo asubuhi tumemkuta mama yake amekitoa kikombe chako, alikuja nacho Embu ndani ya mkoba bila kumwambia mtu. Amekiosha, na hajui aking'inize wapi katika nyumba ya watu, basi anatembea nacho.

Katika matangazo kama haya familia husema tutaonana asubuhi ile ya furaha. Tunaamini, Riungu, na tutakuja, kila mtu kwa zamu yake. Hii si zamu ya mtoto.

Wanaokulilia ni mkeo Felicitas. Binti yako Makandi. Ndugu yako Kiogora na dada yako Virginia. Shemeji zako Nyaga na Ednah wa Dallas, Embu. Mafundi wenzako wa Makutano. Na Jeki, ambaye kila jioni anageukia upande wa barabara ulikokuwa ukitokea.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Lakini Jumanne, ukimwona Makandi mlangoni kwako, usimkaribishe. Mwambie chai yake inachemka, umrudishe.