Mkono wa Chuma wa Phinées

Mutwanga, tarehe 4 mwezi wa tatu 2001

Yaya Kanyere, dada yangu mkubwa,

Bwana asifiwe. Huku tuko wazima, isipokuwa mama na mgongo wake. Wewe na watoto mnaendeleaje huko Butembo?

Turbini yangu ya kutoa umeme kijitoni haiunguzi tena balbu maji yakijaa. Nimeivumbulia mkono wa chuma unaopunguza maji wenyewe. Lakini Lusenge, yule mfanyabiashara, amekuja mara mbili kuuchungulia, nami naogopa atauita wake. Muulize yule avoka, mwanasheria unayemfanyia kazi: naweza kupata brevet, ile karatasi ya kusema uvumbuzi ni wangu?

Mdogo wako, Phinées

Butembo, tarehe 11 mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo, ila risasi zinatunyima raha. Mpe mama pole.

Avoka wangu, Maître Gérard, anasema nguvu ya maji haina mwenyewe, na turbini ni za zamani. Mkono ndio unaoweza kuandikishwa, kwa kuwa ni mpya. Nanukuu maneno yake: "Kitu bantu banaisha kuona, hakiko mupya tena." Basi uufiche. Chora, umpe mchoro Tamar muuza samaki, huyu anayekuletea barua. Kuna mtu atakayeupeleka Kinshasa kuandikishwa, kwa kupitia Kampala, maana vita vimekata njia ya huku.

Yaya yako, Kanyere

Mutwanga, tarehe 10 mwezi wa nne

Yaya,

Salamu nyingi. Mama anatembea kidogo.

Barua yako imefika jana. Askari walifunga njia, Tamar akakwama majuma matatu. Na Jumapili iliyopita ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kahawa yangu askari walishaivuna, na kwenda mbele ya Mungu mikono mitupu niliona aibu. Nikapeleka mkono wa chuma. Mchungaji akaniomba nieleze, nami nikaufungua kipande kwa kipande, nikauchora kwenye ubao wa kwaya. Lusenge alikaa benchi la pili, akiandika.

Niambie ukweli. Nimeupoteza?

Phinées

Butembo, tarehe 19 mwezi wa nne

Phinées wangu,

Ndiyo, umeupoteza. Maître amesema brevet haiwezekani tena. Nimelia kwa hasira. Hukuwa hata na kuku wa kutoa?

Nasikia Mutwanga kumeshambuliwa. Andika, hata mstari mmoja.

Yaya yako

Mutwanga, tarehe 2 mwezi wa saba

Yaya,

Nisamehe kukaa kimya. Tulikimbilia Beni, mama nikimbeba mgongoni. Sote tuko hai.

Tuliporudi, turbini yangu haikuwepo. Lakini maternité, nyumba ya kujifungulia, ina taa. Vijana wa kwaya walitengeneza turbini na mkono kwa kukumbuka ule ubao. Lusenge akaja na karatasi yenye mhuri, akidai mkono ni wake, wauzime au wamlipe. Abigaïl mkunga akamjibu: "Papa, siku ile tulikuwa bote mu kanisa. Na weye ulikuwa." Lusenge akaondoka na karatasi yake.

Inaniuma, yaya, sikufichi. Wanaushukuru mkono, jina langu hawalitaji. Halafu walikuwa wameufunga kwa waya. Nimeufunga upya kwa bolti, zile bulon tatu za mwisho nilizokuwa nazo.

Mwambie Maître asihangaike tena. Wewe nitafutie bulon nyingine, maana mvua inakaribia.

Mdogo wako, Phinées